Maisha na kifo cha babu, mkulima wa kwanza wa korongo letu: shajara ya mradi, Hombolo

8 Julai 2023: Lengo na bajeti

Babu yetu mzaa baba alizikwa shambani kwake, upande wa Hombolo Makulu, chini ya mkwaju. Kaburi lake ni tuta la mawe lisilo na msalaba wala jina. Kwa miaka mingi hilo halikutusumbua, kwa kuwa kila aliyepita pale alijua amelala nani. Sasa wapitao ni wengi, na wengi wao ni wageni. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji unasogea na viwanja vinapimwa mpaka huku. Tuta la mawe lisilo na alama husawazishwa na greda asubuhi moja, na anayeendesha greda hana kosa lolote moyoni mwake.

Kikao cha ukoo kilichokaa baada ya mavuno kimekubali kazi tatu: kuandika maisha ya babu tangu kuzaliwa mpaka kufa, kumjengea kaburi, na kuhakikisha kaburi hilo linaonekana kwenye ramani ya upimaji.

Majina ya watu siyaandiki humu. Yako kwenye kijitabu cha familia. Humu naweka njia tulizotumia, zilizogoma na zilizokubali, pamoja na gharama zake, kwa sababu najua familia nyingi za Ugogo zina mzee wa namna hii: mtu aliyeingia porini na shoka, jembe na mke wake, kijiji kikaota nyuma yao, na hakuna karatasi hata moja inayomtaja sawasawa.

Wajukuu tumechanga 900,000 za kuanzia. Laki sita ni za kaburi, laki mbili za safari na mahojiano, laki moja ya kuchapa.

29 Julai 2023: Mahojiano ya pamoja hayakuzaa kitu

Tuliwakusanya wazee wote siku moja, barazani kwa shangazi mkubwa. Mbuzi 90,000, sukari na majani ya chai 15,000. Siku ilikuwa njema na watu walifurahi kuonana, lakini ukisikiliza kilichorekodiwa, hakuna cha kuandika.

Sababu ya kwanza ni heshima. Mzee mkubwa akishasema jambo, walio chini yake humwitikia, hata kama wao walikuwepo na yeye hakuwepo. Kina mama hawakusema kabisa mbele ya mashemeji zao. Sababu ya pili ni upepo. Julai Dodoma si mwezi wa kurekodi barazani. Simu ilinasa mvumo tu, sauti za watu zikawa chini yake. Ya tatu ndiyo kubwa: tuliuliza miaka. “Ilikuwa mwaka gani?” ni swali ambalo mzee wa miaka themanini na tano hulijibu kwa adabu, kwa namba yoyote itakayomridhisha mjukuu.

Tumebadili hivi. Kila mmoja anahojiwa peke yake, ndani ya nyumba, simu ikiwa juu ya kanga iliyokunjwa. Kina mama tunawafuata wakiwa na kazi mkononi, wanapobangua karanga au kupepeta uwele, kwa kuwa mikono ikishughulika na maneno yanafunguka. Tunaanza na Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani, kisha tunauliza mambo, si miaka. Ulikuwa unachunga mbuzi au ulishakabidhiwa ng’ombe? Ulikuwa umeshaingia jando? Bwawa lilikuwepo? Mlikuwa mnaishi kwenye tembe au mlishahamia kwenye nyumba za kijiji?

Binamu yangu anayekijua Kigogo cha ndani anaandika kila mahojiano kwa Kigogo kwanza, kisha kwa Kiswahili. Tumempa 60,000. Msiiruke hatua ya kuandika Kigogo. Mzee akieleza namna mtu alivyokufa, maneno yake mwenyewe ndiyo ushahidi.

20 Agosti 2023: Alizaliwa lini

Kadi ya TANU ya babu inasema 1910, na huo ndio mwaka tuliokuwa tukiutaja kwenye ibada zote za kumkumbuka. 1910 ni mwaka ambao reli ilifika Dodoma. Dhana yetu ni kwamba karani aliyejaza kadi aliuliza kama ni kabla ya reli au baada, akaandika hapo hapo.

Shangazi wa pili, akiwa na ungo wake mapajani, alitupa habari nyingine. Alikuwa ameisikia kwa mama yake babu mwenyewe. Wakati wa njaa ya Mtunya, mama huyo alimbeba babu mgongoni, bado ananyonya, wakatembea kuelekea Ukaguru kutafuta nafaka. Alikuwepo na kaka yake, mtoto wa kutembea mwenyewe. Huyo alifia njiani. Walimwacha chini ya mti, wakamfunika matawi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye nguvu ya kuchimba.

Hakuna aliyewahi kutueleza kwamba babu alikuwa na kaka.

Mtunya ndiyo njaa kubwa inayokumbukwa kuliko zote Ugogo, ya 1917 hadi 1920. Ukame uliwakuta watu wakiwa wameshanyang’anywa. Jeshi la Wajerumani, na baada ya Dodoma kutekwa mwaka 1916 jeshi la Waingereza, yalichukua ng’ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Homa kuu ya mafua ya 1918 ikaja juu yake. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 30,000 waliokufa kati ya 150,000 hivi waliokuwa Ugogo.

Mtoto wa mgongoni wakati huo hawezi kuwa wa 1910. Tulipima kwa upande mwingine: mtoto wake wa kwanza ana cheti cha ubatizo cha miaka ya arobaini, na wazee wa rika lake wanasema alioa mara baada ya kupata ng’ombe wa mahari, akiwa kijana bado. Yote yanaangukia kati ya 1915 na 1918. Tumekubaliana kuandika kwamba alizaliwa karibu na Mtunya, na kuiacha ile 1910 kwenye kadi.

Kalenda tunayotumia sasa, kwa anayetaka kuiga hapa Dodoma: reli 1910, Mtunya 1917–1920, mradi wa karanga wa Kongwa 1947–1951, bwawa la Hombolo 1957, Uhuru 1961, Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu vijijini 1971, uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa 1973, njaa ya yanga, yaani ya mahindi ya njano ya msaada, katikati ya miaka ya sabini, Vita vya Kagera 1978–1979, mvua za El Nino 1997–1998. Kati ya alama hizo unaweza kupachika maisha ya mtu yeyote aliyeishi huku.

16 Septemba 2023: Kongwa

Wote waliomjua babu wanasema “alitoka Kongwa na karanga.” Tulikwenda kuangalia maana yake. Nauli na chakula cha watu watatu, 95,000.

Wengi siku hizi wanaifahamu Kongwa kwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kabla ya hapo ilikuwa makao ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza 1947. Mitambo mingine ilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Miti iliangushwa kwa mnyororo mzito uliovutwa na mitambo miwili kwa pamoja, mmoja kila upande. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Babu alikuwa kwenye kikosi cha kung’oa visiki. Baba zetu wadogo wanakumbuka alivyokuwa akisimulia: ule udongo mwekundu ukinyeshewa ulikuwa laini, likipiga jua wiki mbili ukawa sakafu. Karanga zilizaa chini, lakini jembe halikuweza kuzitoa. Mitambo ilivunjika kwenye mizizi ya mibuyu. Tulisimama kwenye ardhi ile mwezi huu wa ukavu, tukaipiga kwa fimbo, ikalia kama saruji. Pale nilielewa kitu ambacho maandishi yote yanayohusu fedha zilizopotea hayakunieleza: mtu aliyeitazama ardhi hiyo ikishinda vifaru kwa miaka minne, akiwa na jembe la mkono, aliondoka na elimu.

Lakini elimu hiyo hakuipata peke yake. Bikizee mmoja huko, jirani yao wa zamani, alitueleza kwamba bibi alikuwa akilima kishamba cha pembeni ya kambi, kwenye kichanga, na zake zilitoka. Mradi ulipofungwa, bibi ndiye aliyefunga mbegu kwenye pindo la kanga, na ndiye aliyekataa kila mahali babu alipotaka kusimama njiani. Akifika anachota udongo, anaumwagia maji kidogo ya kibuyu, anaufinyanga. Ukishikamana kama tonge, wanaendelea na safari.

Kwenye rasimu yetu ya kwanza bibi alitajwa mara moja, kama mke. Sura hiyo tumeiandika upya yote.

21 Oktoba 2023: Nani alitangulia

Hii ndiyo sehemu iliyotupa shida kuliko zote, na nashauri kila familia iikabili mapema.

Tunapoambiwa babu “alifungua pori”, tulikuwa tukifikiria msitu usioguswa na mtu. Tulipozunguka shamba na wazee kutafuta mahali tembe lake la kwanza lilipokuwa, tulikuta tuta la udongo, ndiyo, na jiwe la kusagia la bibi. Kisha, hatua kama mia mbili kuelekea korongoni, tukakuta mstari wa minyaa mikubwa iliyopandwa kwa mkono, vigae vya vyungu, na jiwe jingine la kusagia lililolika kuliko lile la bibi. Minyaa haijipangi yenyewe mstari. Palikuwa na watu.

Mzee wa ukoo wa jirani alitueleza kwa upole kwamba wale walikuwa babu zake. Waliondoka wakati wa Mtunya, wachache wakarudi, hawakurudi pale. Ndugu zetu wawili walikasirika. Waliona anadai shamba, na kwa bei za viwanja za leo hofu yao si ya ajabu. Kikao kilivunjika jioni hiyo bila mwafaka.

Tulichofanya ni kurudi kwa mzee yule bila simu na bila daftari, tukiwa na shangazi mkubwa. Mazungumzo yalikuwa ya watu wazima wawili wanaojuana tangu utoto. Hadai ardhi. Anataka watu wake wasiandikwe kwamba hawakuwepo. Na akaongeza jambo ambalo hatukulijua: babu alipofika, kabla ya kukata mti wa kwanza, alikwenda kwa baba yake mzee huyo kuomba, akapeleka pombe na beberu mweusi. Zamani Wagogo walihama sana kufuata mvua na malisho, na shamba lililoachwa lilifunguliwa na mwingine kwa ruhusa. Babu alifuata utaratibu wote.

Kijitabu sasa kinasema kwamba korongo hili lilikaliwa kabla ya Mtunya na ukoo huo, likaachwa, likarudi kuwa pori, na babu na bibi wakalifungua tena mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwa ruhusa. Mzee amesomewa ukurasa huo na kuukubali. Wale ndugu zetu wawili nao wameukubali, baada ya muda.

11 Novemba 2023: Miaka ya kati, kwa kifupi

Hii imeandikika haraka kwa sababu walioishuhudia wapo wengi. Uwele na karanga kwenye kichanga, mtama bondeni. Bwawa lilipojengwa 1957 watu waliongezeka. Maji yake yana chumvi, kwa hiyo babu aliendelea kutegemea mvua, ambayo huku ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na milimita chini ya 600 kwa mwaka wa kawaida. 1971 walihamishiwa kijijini kwa Operesheni Dodoma. Tembe lilibomoka. Yeye aliendelea kutembea kila alfajiri kwenda shamba la zamani, na ndiyo sababu halikurudi kuwa pori mara ya pili. Mwaka wa yanga waliuza ng’ombe wote isipokuwa mmoja. Bibi alifariki 1986, akazikwa kijijini.

Zabibu alianza uzeeni, kwa vipando alivyovitoa Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walianza kuzipanda miaka ya hamsini. Alijifunza kupogoa mara mbili kwa mwaka ili avune mara mbili. Ubwiri unga ulimsumbua mpaka alipopata unga wa salfa. Kwa upande wetu wa korongo yeye ndiye wa kwanza kuzipanda.

2 Desemba 2023: Kaburi, ujenzi wa kwanza

Saruji mifuko minane kwa 17,000, jumla 136,000. Mchanga na kokoto 120,000. Fundi 120,000. Msingi wa futi moja, zege juu, jina na miaka vimeandikwa kwa msumari kwenye saruji mbichi. Tulitaka kumaliza kabla ya mvua.

17 Februari 2024: Nyufa

Mvua za El Nino zimenyesha tangu Novemba kuliko tulivyozoea. Zege limepasuka katikati, ufa unaingiza kidole, na upande wa miguu umeinuka. Maandishi yamelika, herufi mbili hazisomeki.

Fundi wa pili, mzoefu wa udongo wa huku, alichimba pembeni akatuonyesha. Juu ni kichanga, lakini chini ya futi moja na nusu kuna tabaka la udongo wa mbuga. Tabaka hilo hunywa maji likavimba, likikauka husinyaa. Msingi mfupi ukikaa karibu nalo hubebwa kila masika na kushushwa kila kiangazi. Mteremko wa shamba nao ulileta maji yote kaburini, kwa kuwa hapakuwa na mfereji. Shilingi 376,000 zimepotea, isipokuwa kokoto tuliyoiokoa.

Ushauri wake, ambao tumeufuata: msijenge mpaka udongo ukauke kabisa, Juni. Tunachangishana tena.

6 Aprili 2024: Siku aliyokufa

Kwa kuwa ujenzi umesimama, tumerudi kwenye swali la tarehe. Familia ilisema Machi 1998. Daftari la kanisa lina jina lake mwishoni mwa Aprili. Tofauti ya mwezi mzima.

Wote wanakubaliana juu ya mvua. Zilikuwa za El Nino ya 1997–1998, korongo limejaa. Babu alipata homa na kifua. Siku ya pili walimpakia kwenye mkokoteni wa ng’ombe kumpeleka hospitali, wakafika ukingoni, wakasimama mpaka jioni wakisubiri maji yashuke. Hayakushuka. Walimrudisha. Baba mdogo, aliyekuwa akiswaga wale ng’ombe, anasema babu hakulalamika. Aliuliza tu kama zabibu zimefunikwa na maji. Alifariki usiku. Kesho yake alizikwa palepale shambani, kwa sababu njia ya kwenda kijijini alipolala bibi ilikuwa ng’ambo ya korongo. Katekista hakuweza kuvuka. Sala iliongozwa na jirani.

Tarehe tuliipata kwa mke wa baba mdogo. Anakumbuka kwamba katekista alipovuka hatimaye, alikuja kuombea kaburi akiwa na matawi mkononi, akitoka kwenye ibada ya Jumapili ya Matawi, na matanga yalikuwa na siku mbili. Pasaka ya 1998 ilikuwa tarehe 12 Aprili. Matawi basi ilikuwa tarehe 5. Alizikwa Ijumaa tarehe 3 Aprili, akafa usiku wa kuamkia siku hiyo. Daftari la kanisa liliandikwa katekista alipofika parokiani, wiki kadhaa baadaye, kwa tarehe ya kuandikishwa. Vyote viwili sasa vinaelezeka.

Kalenda ya Pasaka ni chombo kizuri sana kwa kazi hii. Watu husahau tarehe, lakini hukumbuka kama ilikuwa Kwaresima.

22 Juni 2024: Ujenzi wa pili

Kuvunja na kuchimba pembezoni bila kugusa alipolala, futi tatu na nusu, 80,000. Mawe lori moja 90,000. Nondo nne 96,000. Saruji mifuko kumi 170,000. Mchanga na kokoto 110,000. Fundi 200,000. Msingi ni mawe yaliyoshindiliwa, kisha kokoto, kisha zege lenye nondo, na mfereji wa mawe upande wa juu unaopeleka maji korongoni. Zege lilimwagiwa maji asubuhi na jioni na kufunikwa magunia kwa wiki mbili. Kwa upepo na jua la hapa, ukiliacha wazi linakauka juu kabla ya kushika ndani.

Maandishi safari hii yamechongwa kwenye marumaru mjini, 180,000. Hakikisheni mnampa mchongaji maneno yaliyochapwa na mnasaini nakala, msimtajie kwa simu. Limeandikwa jina lake, kwamba alizaliwa karibu na Mtunya, kwamba alikufa Aprili 1998, na kwamba yeye na mkewe walifungua shamba hili. Shangazi wa pili aliomba mstari mmoja zaidi, na hakuna aliyepinga: “na kaka yake, aliyeachwa njiani wakati wa Mtunya.” Jina la mtoto yule hakuna anayelijua.

31 Agosti 2024: Ramani, kijitabu na hesabu

Tuliandika barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kaburi lioneshwe kwenye mchoro wa upimaji, tukaambatisha picha, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, na muhtasari wa kikao uliosainiwa na majirani wa pande zote, mzee wa ukoo ule akiwa wa kwanza. Mpima alikuja, akaweka alama. Kwa wanaoogopa: kaburi lililo kwenye eneo linalotwaliwa haliondolewi kiholela. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na ndugu wanapaswa kuarifiwa. Lakini ili uarifiwe, lazima ijulikane kwamba kaburi lipo na ni la nani.

Vijitabu 40, kila kimoja 4,500, jumla 180,000. Jumla ya matumizi yote ni 1,742,000, dhidi ya michango ya 1,750,000. Kama tungejenga kiangazi tangu mwanzo na kuchimba shimo la kupima udongo, tungeokoa zaidi ya laki tatu na nusu.

Shilingi 8,000 zilizobaki zimeingia kwenye mfuko wa kazi inayofuata, ambayo ni kaburi la bibi kijijini. Mahojiano yake yameshaanza. Fundi ni yule yule wa pili, na anachimba shimo la kupima udongo wiki ijayo.